Edinah Akosa Vidonge vya Mzee Bramwel

Jirani yangu Edinah ni mhudumu wa afya wa kijiji hapa Kabuchai. Kila asubuhi alienda kwa mzee Bramwel, mgonjwa wa kifua kikuu, kumtazama akimeza vidonge.

"Fungua mdomo. Inua ulimi."

"Hata mama yangu hakunichunguza hivi, bana!"

Zamani bwana afya alikuja kwa baiskeli na zahanati haikukosa dawa. Siku hizi kaunti imekata fedha. Walimwachisha Edinah kazi, naye akaendelea kwenda bure. Jumatatu vidonge vikaisha. Matibabu hayo yakikatizwa, ugonjwa hurudi na ukali wa kuua.

"Mzee, dawa hakuna. Itabidi twende Kitale, kaunti ya jirani."

"Kwa miguu gani, mama? Chooni penyewe nafika nikishika ukuta."

Edinah akachukua kadi ya kliniki ya mzee, akaenda peke yake. Huko akaambiwa dawa zao ni za wagonjwa wa kaunti yao. Zamani sisi tulitibiwa popote tulipougulia.

Jioni nilimwona akirudi. Aliiacha njia ipitayo mlangoni kwa Bramwel, akajipenyeza katikati ya miwa ili mzee asimwone.