Povu la Sabuni Pale Elburgon

Jamaa alianguka mbele ya meza yangu, akarusha miguu, akatoa povu mdomoni.

Nilikuwa nimechoka hadi sikuinuka kwa kiti.

Povu lilikuwa linanuka sabuni ya kufulia.

"Boss, amka," nikamwambia. "Utameza hiyo kitu ikuharibie tumbo."

Akafungua jicho moja. "Na unga je?"

Wueh! Wacha niwaeleze.

Naitwa Cherop. Kazi yangu ni utafiti, na mwaka jana tulikuwa Elburgon tukitafuta watu wenye kifafa. Kaunti ilitaka kujua kama ni wengi wa kutosha ndio dawa ziletwe zahanati ya hapo. Bila hesabu, hakuna dawa.

Tulianza kwa kubisha milango. "Hodi, kuna mtu hapa ana kifafa?" Kila boma jibu ni moja: hapa hakuna, jaribu kwa jirani.

Watu waliofichwa hawana orodha, na bila orodha huwezi kuchagua sampuli. Kwa hivyo tukabadilisha njia. Unaanza na wachache wanaokuamini, tunawaita mbegu. Kila mmoja unampa kuponi tatu awapelekee wengine anaojua wana shida kama yake. Hao wakija, nao wanapewa zao, na inaendelea hivyo. Huulizi mtu jina. Ila lazima umuulize anajua watu wangapi wenye shida hiyo, kwa sababu anayejuana na wengi anapatikana haraka, lakini aliyejifungia humpati ng'o. Ndio maana anayejua wachache, jibu lake tunalipa uzito zaidi. Anasimama badala ya wengi ambao hatujawafikia.

Shida ni kwamba kila aliyekuja alipewa pakiti ya unga, kama shukrani. Mji ukasikia unga. Ngai! Kila mtu akawa na kifafa.

Khisa, mwenzangu wa kazi, alikuwa na njia yake ya kuwachuja.

"Muongo atakuelezea vile anaanguka," aliniambia. "Mgonjwa mwenyewe hajui kuanguka. Anajua kuamka."

Tukawafukuza waongo. Lakini wagonjwa wa kweli nao wakaogopa hizo kelele za mlangoni, na kuponi zikaacha kurudi. Mkubwa wetu akapiga simu kutoka Nakuru. Tufunge wiki hiyo, aandike kwamba Elburgon hakuna shida.

Na hayo yote nilikuwa nayafanya na mtoto mgongoni.

Hapo ndipo nilikuwa naumia. Nimeolewa na Ndegwa, Mkikuyu wa hapo Elburgon. Yeye anafanya kazi ya shamba huko Ndabibi, kwa hivyo wakati wa utafiti nilikuwa nalala kwa mama yake. Mtoto wetu wa kwanza ni msichana, na kwao msichana wa kwanza anaitwa jina la nyanya yake mzaa baba. Wamaitha. Wanasema ni nyanya mwenyewe amezaliwa tena.

Sasa nyanya huyo alikuwa hajawahi kumbeba. Hata siku moja. Nikimnyooshea mtoto anarudi nyuma, anasema ako na kazi jikoni.

Mimi nilijua sababu. Mimi ni Mkalenjin. Hakuwahi kulisema, lakini kwani mtu huambiwa? Nililia sana kwa hiyo nyumba. Mwishowe nikamwambia Ndegwa kwa simu kwamba kazi ikiisha naenda na mtoto wangu kwa mama yangu, na sirudi. Nilikuwa namaanisha.

Siku iliyofuata ilinyesha tangu asubuhi. Malori ya mbao yalikwama kwa matope, na mimi nilikuwa nimeshaanza kufunga vitu kwa katoni. Nikasikia mtu anapangusa viatu mlangoni.

Alikuwa mama mkwe, ameshika kuponi.

Aki nilishikwa na hasira. "Mum, hata wewe? Kwani unga umeisha nyumbani?"

Akaweka kuponi mezani, akaketi.

Nikamuuliza kwa madharau, vile nilivyowauliza wale wa sabuni. "Haya, nieleze. Unaanguka aje?"

"Kuanguka sijui," akasema. "Najua kuamka. Naamka nimejiuma ulimi, nguo zimelowa, na sijui kama ni asubuhi au jioni. Kama kuna watu, wamesimama mbali."

Khisa akaweka kalamu chini.

Sheria yetu ni kwamba mtu ukimjua, unamwachia mwenzako amhoji. Nikaanza kusimama nimwachie Khisa kiti.

"Huyu kijana ataniuliza yake," mama akasema. "Wewe nisikie kwanza. Ile alama ya Ndegwa kwa paji la uso, alikwambia ni ya nini?"

"Alipigwa teke na ng'ombe."

"Hakuna ng'ombe. Nilikuwa nimembeba, nikaanguka naye kwa mawe ya jiko. Alikuwa mdogo hivyo, kama huyu wako. Nikaapa sitabeba mtoto tena. Wadogo zake walibebwa na dada yangu."

Machozi yalikuwa yananitoka bila kuomba ruhusa. "Mum, kwa nini hukuniambia?"

"Ungekula chakula changu tena, na watu wanasema kifafa kinaambukiza? Niliona afadhali unichukie. Lakini jana nimekusikia ukimwambia Ndegwa unaenda na mtoto. Nikasema hapana, hilo nalo siliwezi."

Khisa akampeleka kando, akamhoji polepole. Swali la mwisho nililisikia: anajua watu wangapi wenye shida kama yake?

"Mmoja. Yule wa kanisani aliyenipa hii karatasi. Miaka yote nilijua niko peke yangu hapa."

Alipewa kuponi zake tatu, akazifunga kwa kona ya kitambaa. Unga alikataa. Habari za yule jamaa zilikuwa zimezunguka mji mzima.

"Mpelekeeni yule wa sabuni," akasema, na Khisa akacheka hadi akakohoa.

Kesho yake walikuja wanawake watatu pamoja na kuponi za mama, wamejifunika kwa mwavuli mmoja. Yule wa kanisani ndiye alimwonyesha mama milango yao. Wote wa kweli. Nao wakabeba kuponi zao, zikarudi na wengine, na mkubwa akatuongezea muda mwenyewe bila kuombwa. Leo dawa ziko pale zahanati, na mama anameza zake kila jioni.

Amenikubalia niandike haya. Amesema tu nisiweke picha.

Somo langu ni fupi, maana bado nimechoka. Mtu akikaa mbali na wewe, muulize kabla hujajijibu. Mimi nilibisha milango ya Elburgon yote, isipokuwa ule nilikuwa nalala ndani yake.

Jioni ya siku ile mama alileta kuponi, tulitandika blanketi sakafuni, mbali na jiko. Mama akaketi, akaegemea ukuta. Nikakaa karibu naye, bega kwa bega, nikamwekea mtoto mapajani.

"Wamaitha," akamwita.

Mtoto akamshika kidole. Sikutoa mkono wangu mgongoni mwa mtoto, na mama hakuniambia niutoe.