Ini Lililooshwa kwa Ndimu

Harufu ya ini bichi sijaizoea, na sina mpango wa kuizoea. Wakati namaliza masomo ya kemia hapa Lubumbashi, nililichukua machinjioni likiwa bado na joto la ng'ombe, nikalitia kwenye ndoo ya barafu, nikalilaza kwenye frigo ya nyumbani lisioze, kisha nikalisaga mpaka nguo zangu zote zikanuka damu. Nimetapika sana, tena mbele za watu.

Nilikuwa natafuta katalazi, kimeng'enya kilichojaa kwenye ini. Katikati yake kuna chuma kilichokaa ndani ya pete inayoitwa hemu. Ukipitisha mwanga humo, elektroni za chuma na za pete yake zinanyonya baadhi ya rangi, na mashine inachora mlima. Mlima ukisogea au ukilala, unajua elektroni zimejipanga vingine. Kazi yangu yote ya kumaliza masomo ilikuwa mlima huo. Bila mlima, hakuna diploma.

Mashine ya fakilteti yetu pale chuoni ilikuwa imekufa taa zamani. Labo ya kampuni moja ya madini ikakubali kuniachia ya kwao asubuhi moja, basi. Mkuu wa labo alitazama chupa yangu akakunja pua.

"Chuma? Siye hapa tunatafuta shaba na kobalti. Chuma njo uchafu yenyewe." Kwake chuma ndicho kilikuwa uchafu.

Mstari ulipotoka, mlima haukuwapo. Palikuwa na kichuguu tu, kimelala, tena kimesogea pembeni. Nilirudi nyumbani, mtaa wa Bel-Air, sitaki kuongea na mtu.

Mama mdogo, ambaye nilikuwa nakaa kwake, alikuwa anamenya viazi. Nilipomwambia kwamba ini limenisaliti, alishangaa kweli.

"Ile ini yako ya mu frigo ilikuwa inanuka mubaya. Nikaikatakata, nikailoweka na ndimu na chumvi, nikairudisha. Hukuona vile iko safi?"

Nilikuwa nimeona limekatwa, nikadhani amenisaidia tu; nilipoona limepauka, nikalaumu umeme uliokatika. Kwetu nyama haiingii kwenye frigo bila kuoshwa kwa ndimu. Mwanamke asiyeosha anasemwa mtaa mzima. Na asidi ya ndimu ndiyo iliyolegeza hemu, ikatoka mahali pake pamoja na chuma chake. Sikumgombeza. Ningemgombeza kwa kuwa msafi?

Kesho yake nikaenda kwa profesa aliyenisimamia, ambaye bila sahihi yake nisingeruhusiwa kutetea kazi mbele ya juri, yaani watahini. Nikamweleza habari ya ndimu. Hakucheka wala hakukasirika. Aliendelea kutafuna karanga, akafungua kitabu, akaweka kidole chenye mafuta juu ya mlima wa watu wa Ulaya.

"Chora hii, binti yangu. Juri haina mashine ya kuhakikisha."

"Prof, hiyo si ini yangu."

"Ini yote iko sawa. Unataka diploma ao unataka ini?"

Akasaini ukurasa wa kwanza palepale, kazi yenyewe hata hajaifungua. Kusema kweli, ndoo ya damu haikuwahi kunichafua moyo vile. Nilitoka nje nikatema mate.

Ndani ya kazi nikaweka kichuguu changu. Siku ya kutetea, mwenyekiti wa juri akauliza mlima uko wapi. Profesa akaangalia dari. Nikasema ni ndimu. Ukumbi ukacheka, na mama mdogo kule nyuma akainamisha kichwa. Nikaeleza jinsi asidi inavyoifungua hemu, na kwamba kichuguu kile ndicho picha ya chuma kilichopoteza nyumba yake. Kicheko kikaisha. Wakanihoji mpaka blauzi ikalowa mgongoni, kisha wakanipa alama za kupita, si zaidi.

Nje watu wakaanza kunimwagia poda, kama tunavyofanyiana mtu akimaliza masomo. Profesa akachukua kopo, akanimiminia kichwani, akanikumbatia mbele ya simu zote zinazopiga picha.

"Huyu nilimufundisha mimi," akawaambia. "Nilimuambia, uongo hapana, ukweli tu."

Wakampigia makofi. Mkono wake wenye harufu ya karanga ulikaa begani kwangu mpaka picha zikaisha, nami nikatabasamu, maana bado kulikuwa na karatasi za kusainiwa naye.

Nyumbani nilijifungia bafuni nikasugua kichwa kwa sabuni mpaka ngozi ikauma. Mama mdogo akagonga mlango.

"Poda haitoke?"

"Poda imetoka, mama. Harufu njo haitoke."

Akaenda jikoni kuniletea ndimu.