X kwenye transcript yangu, na "mimi" mwingine aliyefukuzwa chuo

Wakuu, hamjambo humu ndani? Haya yalinipata mwenyewe na sijaongeza chumvi. Kama kuna mtu wa ofisi ya mitihani hapa, asome halafu anisahihishe.

Mimi ni msichana wa Kitengela. Chuo niliingia kusoma Biashara, wiki tatu tu, nikahamia Takwimu. Ukihama unapewa namba mpya ya usajili, ile ya zamani unaachana nayo.

Sasa niko mwaka wa nne, wiki mbili kabla list ya graduation ifungwe, nikachukua transcript. Unit moja, yaani somo moja, ya mwaka wa kwanza imeandikwa X.

Kwenye portal palikuwa patupu miaka yote hiyo. Mimi nikidhani marks zitaingia tu zenyewe. Uvivu wangu, nakubali.

Kumbe nyuma ya karatasi kuna maelezo ya kila herufi. E umefeli, unarudia mtihani. X hukutokea kwenye mtihani na hukutoa sababu, kwa hivyo unarudia unit nzima, darasa na kila kitu. Mpaka uimalize hakuna wastani, hakuna class, hakuna gauni.

Niliogopa jamani. Mama alikuwa ameshaalika ukoo mzima mpaka Ewuaso Kedong.

Lakini pia nilishangaa sana, kwa sababu mtihani huo nilifanya! Ulikuwa wa kwanza kabisa chuoni, nakumbuka hata swali la mwisho. Karatasi yangu ilienda wapi? Lecturer wa unit hiyo akafungua orodha yake, hakuna kitu. Akaniambia nijiandae kurudia.

Jioni nikamweleza baba. Yeye anauza ng'ombe sokoni, mambo ya chuo hayajui. Alisikiliza akikata kucha.

"Naserian, hiyo number ya kwanza walifuta?"

"Sijui, baba."

"Ng'ombe ikihama boma, sikio iko na alama ya mwenye alikuwa nayo kwanza. Ikipotea mimi naenda kuuliza huko imetoka. Wewe umeuliza huko?"

Nilicheka. Halafu nikaacha kucheka. Kwenye kijitabu cha mtihani hatuandiki jina, ni namba peke yake. Na wakati huo namba niliyoijua kwa kichwa ilikuwa ipi? Ile ya zamani!

Asubuhi nikafika ofisi ya Biashara. Mama wa pale akaingiza namba ya zamani, akanitazama.

"Huyu ni wewe? Huyu tulimfukuza."

Nikachungulia. Jina langu, na chini yake X mstari mzima, halafu discontinued. Katikati ya hizo X kuna ile unit yangu ya Takwimu, ambayo watu wa Biashara hawafanyi: A.

"Miaka yote tunashangaa huyu mtoro alipata wapi hii A," akasema.

Nililia na kucheka pamoja. Kijitabu kikatafutwa, mwandiko ukalinganishwa, sahihi zikawekwa. Jina langu liliingia kwenye list siku mbili kabla ifungwe.

Nilichojifunza: geuza transcript usome nyuma, na pengo kwenye portal lifuatilie mapema. Chuo chenu X ni nini? Kuna mwenye yamempata kama haya?

Ila yule mimi wa Biashara namhurumia. Bado yuko kwenye kompyuta yao, amefukuzwa, na ile A yake moja nimemnyang'anya.