Mayai ya Klementina

Klementina wa Kasense alikuwa amefuga kuku wa mayai kwa miaka mingi, lakini alianza kuwalisha mbegu za kitani pale mumewe, Polikarp, alipopigwa na kiharusi akabaki na mkono mmoja unaofanya kazi.

Bwana mifugo aliwaambia wafugaji kwamba kuku akila mbegu hizo, mafuta mazuri kwa moyo huingia kwenye kiini cha yai. "Ni chakula bora tu, siyo dawa," aliongeza. Klementina aliyasikia yote mawili, ila akashika lile la kwanza.

Alipanda kitani kando ya shamba la ulezi. Akavuna, akasaga, akachanganya na pumba za mahindi na mashudu ya alizeti. Kila asubuhi alimenya yai la kuchemsha na kumlisha mumewe kipande kwa kipande.

"Mama Abel," Polikarp alisema siku moja kwa ulimi mzito, "leo umesahau chumvi." Klementina alicheka mpaka machozi yakamtoka. Mumewe hakuwa amewahi kutamka maneno mengi hivyo tangu augue.

Ndipo akazidisha kipimo cha mbegu. Mayai yakaanza kunuka samaki, na wifi yake Rosina, aliyekuja kutoka Msanzi kumwona kaka yake, akakinusa kisahani cha yai la mgonjwa.

"Wifi, unamlisha nini kaka yangu?"

"Ni mbegu ninazowalisha kuku, wifi. Nimezidisha. Nitapunguza."

"Mbegu gani hizo? Mbona wengine hatuzijui?"

Klementina alipunguza, na harufu ikaisha. Lakini wakati wa baridi kali Polikarp alipigwa tena na kiharusi, akafia njiani kuelekea hospitali.

Msibani Rosina alisema kwa sauti, "Kaka yangu kauawa na mayai." Majirani waliokuwa wakija kuomba mayai yale kwa ajili ya watoto wao walitazama chini. Klementina alisubiri hata mmoja afungue mdomo.

Mboga ilipopungua, wanaume wa ukoo waliingia bandani bila kumuuliza. Kutoka mkekani alipoketi, Klementina alisikia kuku wake wakipiga kelele.

"Jamani, wale bado wanataga," alisema.

"Sasa watu watakula nini?" akajibu Rosina. Na chakula kilipoletwa, alichagua paja, akala, akaomba aongezwe mchuzi.

Siku hizi, banda lake likiwa tupu, Klementina ni kibarua kwenye banda la kuku la mama mmoja wa Milanzi, aitwaye Jane. Juzi Jane alimuuliza kama anajua chochote cha kuchanganya ili mayai yawe bora zaidi.

"Sijui, mama," alijibu Klementina, akaendelea kufagia kinyesi.