Malkia wa Kosele

Katoni ilinukia dawa ya nondo na plastiki kuukuu, harufu ambayo pua yangu ilikuwa imeisahau tangu nikiwa msichana, na nilipoikata kamba na kuifungua nilijikuta nacheka peke yangu sakafuni. Kaseti zangu! Zilikuwa juu ya kabati la marehemu mama nyumbani Kosele, nyuma ya vyombo vya wageni, na ndugu yangu aliyekuwa akipaka nyumba rangi ndiye aliyenitumia huku Migori mjini pamoja na gunia la viazi vitamu. Nilizirekodi mwenyewe kutoka redioni, kaseti ishirini na kitu, kila moja na jina nililoliandika kwa kalamu nyekundu: Moto Moto, Za Likizo, Usiguse. Fundi mmoja sokoni alinitafutia redio ya kaseti inayofanya kazi, akaniuliza kama naitaka ya kupambia nyumba. Nikamwambia aache maneno anipe redio. Mimi hushona sare za shule, kazi ya kukaa kutwa nzima na cherehani, na kwa siku nne chumba changu cha kazi kilijaa benga na rumba. Nyimbo nilizodhani zimenitoka kichwani zilirudi na maneno yake yote, hata yale ya Kilingala tuliyokuwa tukiyaimba kwa nguvu bila kujua tunasema nini. Wateja walinikuta natikisa mabega na pini mdomoni. Nilikuwa na furaha ya kipumbavu kabisa.

Siku ya tano niliingiza kaseti isiyo na jina, ambayo karatasi yake ilikuwa imekwanguliwa kwa wembe. Mtangazaji wa kipindi cha salamu akasema kwa ile sauti yao ya madaha, "Malkia wa Kosele anawasalimu marafiki wote wa ufukweni Sori, na anasema anawakumbuka sana." Yawa! Mguu wangu ulisimama juu ya kanyagio la cherehani. Malkia wa Kosele nilikuwa mimi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na kwa ajili ya sentensi ile moja nilimharibia mtu maisha, kisha nikaendelea na yangu kana kwamba hakuna kitu. Ningependa kusema nilisahau, lakini kusahau ni jambo linalomtokea mtu. Mimi nilijisahaulisha, nikakaza, nikafaulu, na ninapoandika hivi uso wangu unawaka.

Mwaka ule mama mdogo Dorka, mdogo wake mama wa tumbo moja, alikuja kukaa kwetu na begi moja baada ya kuachana na mumewe huko Sori. Alikuwa mwembamba, mcheshi, na sauti yake ilikuwa ya ajabu. Akiwa anachambua mboga alitunga wimbo. Akiwa anasuuza sufuria alitunga ubeti wa pili. Aliniambia habari za Sori, za omena, wale dagaa wa ziwani, zilizotandazwa kwenye nyavu zikimeremeta juani, za wanawake wanaotaniana tangu alfajiri, hadi nikajiona nami nina marafiki huko ingawa sikuwa nimewahi kuliona ziwa kwa karibu. Sisi tulikuwa Wasabato wa kweli kweli. Mama alikuwa kiongozi wa kwaya katika kanisa letu dogo la mabati, na redio ya nyumbani ilikuwa ya habari na mahubiri tu. Dorka alipokaribishwa kwenye kwaya walikuwepo walionong'ona kwamba mwanamke aliyeachika hawezi kusimama mbele za watu, lakini mama aliwaziba midomo. Aliwaambia huyu ni dada yangu na sauti hii amepewa na Mungu. Alijivunia sana siku ile.

Makambi yalikuwa yanakaribia, ile mikutano ya kila mwaka ambapo makanisa jirani hukusanyika juma zima chini ya turubai, na kila kwaya huja na nyimbo mpya. Usifanye mchezo na makambi. Kwaya iliyokuja na nyimbo za mwaka jana ilichekwa hadi makambi yanayofuata. Dorka aliwatungia nyimbo tatu. Kwa kuwa hakuna aliyejua kuandika muziki, mwalimu wa kwaya aliwarekodi kwenye kaseti moja, ikakaa kwetu kwa sababu sisi ndio tuliokuwa na redio ya kurekodi, na kila Jumatano jioni waimbaji walikuja uani kuisikiliza na kujifunza sauti zao. Mwalimu alikuwa amevunja vile vipande viwili vya plastiki juu ya kaseti ili mtu asirekodi juu yake. Nalitaja hili kwa makusudi. Ukitaka kurekodi kwenye kaseti kama hiyo lazima uzibe vile vishimo, na mimi nilitafuna karatasi nikaviziba. Kwa hiyo asije mtu akanitetea kwamba nilikuwa mtoto na nilikosea.

Shuleni wakati ule kadi za salamu zilikuwa wazimu. Unanunua kadi, unaandika jina lako, unaowasalimu na wimbo unaoutaka, unaituma, kisha unangoja redioni. Mtoto aliyesomwa alitembea shuleni kwa maringo wiki nzima. Nami nikatuma kadi yangu kwa siri. Sikuthubutu kutumia jina langu la Achieng', maana Mama angepashwa habari kabla ya jua kutua, nikajiita Malkia wa Kosele, na wa kuwasalimu nikawaweka watu wa Sori, wale marafiki wa Dorka niliowafanya wangu. Kipindi kilikuwa Jumamosi asubuhi, siku ya Sabato, saa ya ibada. Nikajifanya nina malaria. Nilijikunja, nikatetemeka, nikakataa chai. Mama akasema Dorka abaki aniangalie, naye Dorka akavua kitambaa chake cha kanisani na kwenda jikoni kunipashia uji.

Kaseti nyingine haikuwepo ndani ya nyumba. Nilijiambia nitarekodi kidogo tu, jina langu basi. Lakini jina liliposomwa nilipiga kelele kwa raha, kisha ukaja wimbo, kisha mwingine, na kidole changu hakikuinuka kwenye kile kitufe mpaka kaseti ikakaribia mwisho. Jumatano waimbaji walikaa uani kwenye mabenchi, mimi nikiwa kwenye mkeka natoa maharagwe kwenye maganda. Mama akabonyeza. Badala ya kwaya likatoka gitaa la benga, na yule mtangazaji na madaha yake, Malkia wa Kosele, marafiki wote wa ufukweni Sori. Mmoja alicheka. Halafu hakuna aliyecheka.

"Dorka," Mama akasema. "Siku ya Sabato? Na mtoto mgonjwa ndani?"

"Dada, ngoja kwanza."

"Ningoje nini? Hapa nani mwingine ana watu Sori?"

Dorka alinitazama. Mara moja tu, haraka, kisha akatazama chini. Nami nikaendelea kutoa maharagwe. Nayakumbuka yale maganda mpaka leo, yalivyokuwa mabichi na yalivyoninata vidoleni, na jinsi nilivyojiambia kwamba nikimaliza rundo hili nitasema. Nikalimaliza. Nikavuta rundo jingine.

Wazee wa kanisa walimwita. Alisema si yeye. Walipomuuliza ni nani basi, alisema hajui. Wakamsimamisha kwaya na ushirika hadi atakapoungama. Nyimbo zingeweza kurekodiwa upya, kwani mwenyewe alikuwa hai na sauti anayo, lakini nani angesimama makambini na nyimbo za mtu aliyesimamishwa? Wakaimba za mwaka jana, wakachekwa. Mama alirudi kutoka makambini, na wiki ile ile Dorka akafunga begi lake. Aliniambia nisome kwa bidii. Mama alibaki jikoni akisonga ugali ambao hakuna aliyeula.

Hapa ndipo ninapoona aibu kuliko kote. Mama aliitupa kaseti kwenye takataka za kuchomwa, mimi nikaiokota. Sikuiokota kwa majuto. Niliitaka kwa sababu jina langu lilikuwa humo. Nikaikwangua karatasi, nikaiweka pamoja na zangu nilipoanza kununua kaseti, na nyumba ilipokuwa tupu niliisikiliza, nikatabasamu. Nilimfukuzisha mama yangu mdogo, kisha nikakaa nikijifurahisha na kile kile kilichomfukuzisha. Ni mtoto wa namna gani huyo? Ningemkuta binti yangu akifanya hivyo ningemchapa viboko mpaka majirani waje kuamua.

Pale kwenye cherehani niliiacha kaseti iendelee hadi mwisho. Wimbo wa redio ulikatika katikati, na baada yake, kwa ubeti mmoja na kipande, kwaya ya Kosele ikaimba. Niliutambua kabla ya neno la tatu. Sauti ya Dorka ilikuwa juu ya zote, na chini yake Mama, imara kama kawaida yake. Nililia hadi mteja aliyekuja kuchukua kaptura za mwanawe akanishika bega akiuliza nani amekufa.

Jumapili nilikwenda Sori. Mimi na Dorka tulikuwa tumeonana mara moja tu katika miaka yote hiyo, kwenye mazishi ya Mama, naye alisimama nyuma kabisa na kuondoka kabla ya chakula. Nilimkuta ameinama juu ya nyavu akigeuza omena, mzee sasa, amejifunga leso kiunoni. Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba ndefu. Badala yake nilisema tu, "Mama mdogo, ile kaseti ni mimi."

"Najua," akasema, akaendelea kugeuza. "Nilikuwa nimesimama mlangoni na uji. Nilikusikia ulivyopiga kelele jina liliposomwa. Nikarudi jikoni nikakaa, sikutaka kukukatizia raha."

Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akajinyoosha, mkono kiunoni. "Ningesema, mama yako angekuchapa na yangeisha. Lakini nilitaka useme wewe. Siku ile ya maharagwe nikasema, atasema leo. Kwa wazee nikasema, atasema kesho. Nilipofunga begi nilichelewa kwa makusudi, nyathina, mwanangu. Nilifunga, nikafungua, nikafunga tena." Hakuwa na hasira, na hilo lilinichoma kuliko matusi. Aliniambia mimi amenisamehe zamani, ila kwaya hakurudi tena, ya kanisa lolote. Nilimwekea ule ubeti, niliokuwa nimeurekodi kwenye simu. Aliusikiliza akiwa amefumba macho, akasema alto walikuwa wamepotea pale, walipotea kila Jumatano, kisha akanirudishia simu. Maneno mengine ya wimbo hakuyakumbuka. Alijaribu, midomo ikatikisika kidogo, akaacha. Nilipomwambia nitakwenda kanisani nikamsafishe jina, alicheka kwa mara ya kwanza, akauliza, "Kwa nani?"

Nilikwenda hata hivyo. Kanisa la Kosele siku hizi ni la matofali, lina vipaza sauti na kinanda cha umeme. Kila mwanakwaya ana nyimbo zote kwenye simu yake, na mmoja akifuta kwa bahati mbaya mwenzake anamrushia kabla hajakaa. Kosa langu lisingewezekana leo, ingawa sidhani kama kunyamaza kwangu kungekuwa kugumu zaidi. Wakati wa ushuhuda nilisimama, nikasema yote, kadi, malaria ya uongo, karatasi niliyoitafuna. Nikalitaja jina la Dorka mara tatu. Watu wakasema amina kwa heshima, jinsi wanavyomwambia mgeni amina. Vijana walitazamana. Mchungaji, ambaye hakuwa amezaliwa wakati ule, alinishukuru kwa moyo wangu na kutangaza harambee ya madirisha.

Katika waimbaji wote wa wakati ule alikuwepo mmoja tu, bibi aliyekuwa akisimama kando ya Mama kwenye sauti ya pili. Alinivuta baada ya ibada tukakaa kwenye ngazi. Hakunigombeza. Alisema kila mwaka wakati wa makambi Mama alimwekea Dorka nafasi kwenye benchi, akawaambia wenzake wasonge, na nyimbo zikiendelea akawa anatazama mlangoni. Alisema Mama alikuwa na neno moja tu kuhusu dada yake, kwamba siku atakayokuja na kuungama, hata kwa kunong'ona, atamkumbatia palepale na hayatatajwa tena. Alilisema hadi ule mwaka wa mwisho, alipokuwa hawezi kusimama. Mama alimngoja Dorka aungame mpaka akaingia kaburini, na mtu wa kuungama alikuwa mimi, niliyekuwa nikimpelekea chai kitandani kila asubuhi, nikimuuliza kama kuna kitu kingine anachotaka.