Mlinzi wa Maji ya Jalala

Juzi nilikuwa kwenye kaunta ya ofisi ya mji, Karatu, ambayo bado inanuka rangi iliyopakwa kwa sherehe za Uhuru. Mzee mfugaji akaweka chupa ya maji meusi mbele ya karani.

"Shikamoo mzee. Ng'ombe hawajambo?" karani akauliza, kama ilivyo desturi.

"Wameisha. Walikunywa haya, yanachuruzika kutoka jalalani. Yana chumvi, wanayapenda kama magadi. Chimbeni shimo la kuyazuia."

"Lete barua." Karani akaisukuma chupa kwa kidole kimoja.

"Sasa kule jalalani unafanya nini?" nikamuuliza mzee.

"Nakaa peke yangu, nafukuza ng'ombe wa wenzangu wasiyanywe."

Akaziba chupa kwa gunzi, akachukua fimbo yake, akaaga; saa ya wenzake kunywesha ng'ombe ilikaribia.

Basi mji wetu unao mtambo wa kuzuia maji machafu. Una fimbo, na hauna wa kuzungumza naye.