Gauni la Kumi na Mbili

Saa mbili kasoro robo asubuhi, mteja anaingia kwa dobi na mfuko wa mashati. "Habari za asubuhi, dada?"

"Si nzuri sana," anajibu mwanamke aliyeinamia meza ya pasi. "Maji yamekatika tangu saa kumi na mbili, goti la kushoto linauma, na shati lako la juzi lilikuwa na wino mfukoni."

Mteja anacheka. Ni wa siku nyingi, ameshamzoea. Wageni ndio hushtuka, maana wao walitaka kuambiwa "nzuri" waende zao.

Wenzake humwita Bibi Mistari, kwa jinsi anavyonyoosha mistari ya suruali. Ana miaka arobaini na mmoja. Kwa siku hupiga pasi mashati sabini, na mpangilio haubadiliki: kola, mabega, mikono, mgongo, mbele. Ukimkatiza kwenye mkono wa pili, anaanza upya kwenye kola. Mwandishi alimkatiza mara mbili, ya tatu hakuthubutu.

"Nimefukuzwa kazi mara nne," anasema, macho yakiwa kwenye shati. "Hakuna aliyesema kazi yangu mbovu. Walisema nina maringo, sisalimii, simtazami mtu usoni. Bosi wa mwisho aliniambia nijisikie niko nyumbani, nikavua viatu. Akaona namdharau."

Jibu limekuja mwaka huu. Binti yake, anayesomea uuguzi, alirudi nyumbani na maswali chungu nzima kuhusu utoto wa mama yake, kisha akamkokota hadi hospitali. Walipokwenda mara ya tatu, daktari akamwambia ana usonji: hali ya kuzaliwa nayo, inayofanya ubongo upokee sauti, mwanga na mazungumzo tofauti na watu wengi.

"Nikamuuliza, unaisha lini? Akasema hauishi, si homa. Nilifurahi siku mbili. Ya tatu nikakasirika. Miaka yote hiyo najiona mtu mbaya, kumbe."

Shati linaingia kwenye hanga.

"Nilidhani ataficha," anasema binti. "Wapi! Kesho yake alishamwambia kila mteja, mpaka muuza vocha."

Alishindwa kumwambia mmoja tu, yule aliyetaka ajue kuliko wote: kaka yake mkubwa.

Miaka sita iliyopita, mama yao alipofariki, nyumba ilijaa vilio. Yeye akaingia chumba cha nyuma, akafungua kabati la marehemu, akachomeka pasi.

"Kelele zilikuwa zinanichoma. Na mama hakupenda nguo zilizokunjamana. Kulikuwa na magauni kumi na mawili. Nilipiga kumi na moja, kaka akaingia, akachomoa waya. Akasema, mama hajazikwa, wewe macho makavu unapiga pasi, ondoka."

Tangu siku hiyo hawajasemezana. Harusi ya mtoto wa kaka yake aliisikia kwa majirani.

"Kumbe ndivyo nilivyokuwa nalia," anasema. "Mwenyewe sikujua, sasa yeye ningemwelezaje?"

Wiki tatu zilizopita alimtuma binti akazungumze na mjomba wake. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho, akajibu neno moja: "Nimesikia." Leo ni siku ya ishirini na mbili.

Kwa ruhusa ya Bibi Mistari, mwandishi anampigia kaka yake simu.

"Nilimwona hana uchungu na mama," anasema kaka. "Nilimchukia, sikufichi. Mpwa wangu aliponieleza, ndipo nilipoelewa. Nilimfukuza msibani, mdogo wangu mwenyewe. Mwambie aje Jumapili. Lile gauni alilobakiza ninalo. Sijaruhusu mtu yeyote alipige pasi."

Ujumbe unamkuta Bibi Mistari kwenye mkono wa pili wa shati. Anaisimamisha pasi, jambo ambalo hajalifanya asubuhi nzima, na anakaa akiutazama mvuke.

"Lile la maua ya njano," anasema. "Halitaki moto mkali. Nitatandika kitambaa juu yake, nilipitie taratibu."

Anaichukua tena pasi.

"Na akiniuliza habari, nitampa zote. Za miaka sita."

Kisha anarudi kwenye kola.